Swichi Mbili za Baba Mdogo

Masara, Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili la fizikia lilibaki na kurasa nyingi. Fizikia iko mbele, kwa hiyo mimi naanzia nyuma. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Mama akikuta kitu cha Kidholuo hukisoma mpaka mwisho, lakini cha Kiswahili husema "hii ni ya shule" na kukirudisha mezani.

Nimekaa nyumbani tangu Novemba. Matokeo yalitoka, nimeomba chuo cha umeme, na jibu litakuja likitaka. Kila asubuhi nafagia ua niliofagia jana. Mvua nayo inatishia tu. Inapanda kutoka upande wa ziwa, inatuangalia, inarudi.

Leo Baba Mdogo Fanuel amekuja na sanduku kwapani. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la pili, na ndugu yake huyu ndiye aliyenifundisha kupima nyuzi za gitaa kabla hata sijajua kugawanya. Siku za kazi huosha udongo wa dhahabu kule Osiri, amesimama majini na gambuti. Wikendi hupiga gitaa la kwanza katika Dhahabu Jazz. Ndani ya sanduku kulikuwa na pedali ya gitaa ya kidijitali, ile ya kubadilisha sauti: kisanduku cheusi chenye skrini ndogo kama ya saa na swichi mbili za kukanyaga. Kauziwa na mpiga gitaa wa Rongo aliyeokoka akaacha muziki.

"Kijitabu chake kina maandishi kama mayai ya chawa," akasema. "Wewe ndiye umesoma. Iambie ifanye kazi."

Nilijibu "sawa" tu. Lakini nimekisoma kijitabu chote leo, hata upande wa Kichina nimeutazama.

Jumanne, 4 Machi

Nimefanya kosa na sijamwambia mtu.

Pedali haikuja na adapta. Nilichukua ya taa zetu za sola kwa sababu pini iliingia vizuri. Skrini iliwaka mara moja, kama mtu aliyefumbua macho akakuta mgeni chumbani, ikazima. Ndipo nikasoma kilichoandikwa chini ya pedali: volti tisa, katikati hasi. Yetu ni volti kumi na mbili, katikati chanya. Hayo ni mambo ya kidato cha pili! Nilichomoa, nikairudisha ndani ya sanduku, nikaenda kuosha sufuria zilizokuwa safi.

Jumatano, 5 Machi

Levis ameleta adapta ya kweli. Levis ndiye kiongozi wa bendi. Hupiga gitaa la pili na ana maneno mengi kuliko nyuzi. Pedali imewaka na kila sauti inatoka. Nilienda nyuma ya choo kumshukuru Mungu.

Lakini kitu kinaweza kuungua nusu. Kinaweza kungoja.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Kanisani, chakula, kanisani. Mama amenikataza kutaja pedali mpaka jua lizame.

Jumatatu, 10 Machi

Bendi hufanya mazoezi kwenye chumba kilicho nyuma ya kinyozi, ukuta mmoja na mashine ya Motari ya kusaga mawe ya dhahabu. Leo tuliunganisha pedali kwenye spika, na kabla Baba Mdogo hajagusa uzi ukatoka mvumo, kama nzi elfu ndani ya debe.

"Mwenyewe aliokoka," akasema Levis, "sasa na pedali inanena kwa lugha."

Wote walicheka. Nyamongo, mpiga ngoma, alicheka mpaka akaangusha fimbo. Mimi nilitazama viatu vyangu. Levis akinisemesha huwa natazama viatu, na leo naweza kuvichora bila kuviona.

Jumatano, 12 Machi

Nimegundua! Mvumo hukoma saa saba mchana na kurudi saa nane. Saa hiyo wafanyakazi wa Motari hula.

Nilisimama mlangoni kwake karibu nusu saa kabla hajaniona. Motari ni Mkisii mwenye mwili mkubwa, na vumbi la mawe limempaka nyusi nyeupe.

"Wewe ni mtoto wa nani, unatazama mashine yangu kama mkaguzi?"

"Wa kwa Fanuel. Naomba… naomba uizime dakika moja."

"Niizime? Mawe ya watu yako ndani!"

"Dakika moja tu."

Akamgeukia kijana aliyesimama kwenye swichi ya ukutani, akapitisha kidole shingoni kuashiria azime. Mashine ikazima. Nyuma ya ukuta nikamsikia Nyamongo akipiga kelele, "Imenyamaza! Pedali imepona!"

Motari alicheka mpaka vumbi likamwanguka. "Kumbe miaka yote mimi ni mwanamuziki na sikuambiwa."

Tumehamisha waya kwenye soketi ya kinyozi, ambayo iko kwenye laini nyingine na ina waya wa ardhi. Mvumo umebaki kidogo, kama mbu mmoja.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imeanza. Imeanza kama iliyochelewa kazini.

Jumatano, 19 Machi

Kukwaruza kwa sauti: ni waya wa gitaa, karibu na pini. Nimeukata, nimeuunga upya kwa risasi ya kuchomelea. Nimesafisha matundu yote kwa pamba na spiriti. Levis aliujaribu, akanitazama, hakusema kitu. Kwake hiyo ni pongezi.

Jumapili, 23 Machi

Jana walipiga kwenye mazishi kule Macalder. Sikuwepo, ilikuwa Sabato. Sijawahi kuiona bendi ikipiga mbele ya watu, maana kazi zao nyingi ni Jumamosi.

Katika muziki wetu mtu akitaka kujisifu, au kumsifu rafiki yake, huinua mkono, na bendi hushusha sauti ili majina yake yasikike. Tunaita pakruok. Ndiyo maana nilimpangia Baba Mdogo sauti mbili zinazofuatana, ya kuimba na ya kunong'ona. Akikanyaga swichi ya kushoto, gitaa linanong'ona mtu ajisifu. Akikanyaga ya kulia, linaimba tena.

Jana mtu mmoja aliinua mkono, akaanza, "Mimi ni simba wa Nyatike," na gitaa halikunong'ona. Lilikufa. Baba Mdogo akachomoa adapta, akairudisha, likafufuka. Mara mbili hivyo. Huyo simba alikasirika, akaenda kukaa.

"Skrini iliandika nini?" nilimuuliza.

"Herufi fulani. Nani alikuwa na muda wa kusoma?"

Aliingia kwetu na sandali moja. Mama akamuuliza, "Shemeji, nyingine umeiacha wapi?" Akatazama chini kana kwamba miguu ni ya mtu mwingine. Ilikuwa imebaki kwenye tope langoni. Tulicheka sana.

Mimi nilicheka kidogo. Nilikuwa nafikiria volti kumi na mbili.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekanyaga swichi hizo kwa kidole mara mia mbili. Kushoto, kulia, kushoto. Haifi.

Jumapili, 30 Machi

Imekufa tena jana, kwenye ukumbusho Awendo.

Jumanne, 1 Aprili

Nimeirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Sauti zote za Baba Mdogo zimefutika, na leo nimezijenga upya kwa sikio, yeye amekaa kwenye kiti akisema "bado… bado… ongeza mwangwi… hapo." Mkono wake bado ni mzuri sana. Akipiga ule mpito wa juu, hata kuku wa Mama husimama.

Jumatatu, 7 Aprili

Kijitabu kina ukurasa unaoitwa matatizo na suluhisho. Matatizo ni manane. Haiwaki: nimeangalia. Ina mvumo: nimemaliza. Inakwaruza: nimemaliza. Nimeyapitia yote mpaka la nane, nikarudi la kwanza. Halipo tatizo linalosema "inakufa mtu akijisifu."

Mvua, mvua. Matope yamefika kizingiti.

Jumapili, 13 Aprili

Jana tena. Leo nimesema.

Nilimkuta Baba Mdogo barazani akinoa jembe. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu kama ningekaa ningenyamaza. Nilimwambia kuhusu adapta ya sola, kwamba skrini ilishtuka, kwamba pengine niliunguza kitu ndani na ndicho kinachokufa. Nilingoja anigombeze. Tangu Machi nilikuwa nikijiandaa kugombezwa.

Hakunigombeza. Aliweka tupa chini, akapumua kama mtu aliyetua gunia.

"Basi ni hiyo," akasema. "Ni hiyo, nyathina, mwanangu. Usilie."

Sikuwa nalia. Lakini aliposema nisilie nikalia.

Jumatatu, 14 Aprili

Amewaambia bendi nzima.

Nilipoingia mazoezini Levis akasimama, akapiga saluti. "Karibu, Volti Kumi na Mbili!"

"Levis, mwache mtoto," akasema Baba Mdogo, lakini kwa sauti ya chini, bila kuinua kichwa.

"Kwani nimemtukana? Ni jina la heshima. Volti Kumi na Mbili, nyar Masara, binti wa Masara!"

Nyamongo akapiga ngoma mara mbili kulikaribisha jina. Jioni hata kinyozi alikuwa analijua.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Baada ya chakula Levis alikuja kwetu na pikipiki, akala wali wa Mama sahani mbili, kisha akasema alichokuja kusema. Hoteli moja ya Homa Bay inataka bendi ya kila Jumapili alasiri. Watatusikiliza tarehe ishirini na tano Mei.

"Nimeahidi gitaa la kwanza ambalo halifi," akasema. "Kuna kijana wa Rongo ana vidole. Fanuel, wewe ni kaka yangu, lakini likiendelea kufa hivi mpaka siku hiyo, yeye ndiye atakwenda Homa Bay."

"Apige bila pedali," akasema Mama.

"Shemeji, bila pedali siku hizi gitaa linasikika kama waya wa uzio. Watu wameshazoea."

Baba Mdogo alikuwa akikata nyama. Aliendelea kukata kipande kile kile kikawa vipande vidogo kama vya mtoto. Miaka ishirini na miwili yuko katika bendi hiyo. Nikaona kwamba nikikosa kuitengeneza, mimi ndiye nitakuwa nimemtoa.

Jumanne, 22 Aprili

Siwezi kukaa. Nafungua pedali, nafunga. Hakuna kilichoungua ninachokiona. Kilichoungua nisichokiona ndicho kinachonitesa.

Jumapili, 27 Aprili

Jambo la ajabu. Levis aliazima pedali nyingine ya aina ile ile kutoka kwa bendi ya Rongo, nzima, haijawahi kuguswa nami. Jana imekufa pia, vile vile, kwenye pakruok.

Pedali mbili haziwezi kuungua mahali pamoja kwa kosa moja. Si mimi! Niliruka nikiwa peke yangu jikoni.

Halafu nikaacha kuruka. Kama si pedali, na si adapta, na si waya, kilichobaki ni kimoja. Levis amekwisha kukitaja. "Mashine zinamkataa Fanuel," amesema. "Hata simu yake hujizima." Watu wengine wanasema ni jicho la mtu.

Jumapili, 4 Mei

Levis amekuja. Mama alikuwa shambani, kwa hiyo ilinibidi nimkaribishe mimi. Nilitazama viatu vyake badala ya vyangu.

"Volti, hebu tazama kitu," akasema, akatoa simu. "Jana nilikuwa namrekodi Nyamongo. Mguu wa Fanuel umeingia pembeni. Mimi naona gambuti tu. Labda wewe utaona umeme."

Video ni ya dakika mbili. Nyamongo anapiga ngoma. Chini kushoto ni pedali, na gambuti la kulia la Baba Mdogo. Mama mmoja anainua mkono, anaanza kumsifu mjukuu wake. Gambuti linainuka. Linashuka. Halishuki kwenye swichi ya kushoto. Linashuka katikati, juu ya zote mbili, na linakaa hapo. Skrini inaandika herufi A na taa ndogo zinacheza pembeni. Gitaa limekufa. Na Baba Mdogo anatabasamu na watu, anaendelea kupiga, hajui. Mguu wake uko juu ya kitu na hajui.

Nilileta kijitabu. Si ule ukurasa wa matatizo. Ukurasa wa sita, wa matumizi ya kawaida, niliousoma siku ya kwanza nikaupita: ukikanyaga swichi zote mbili pamoja, sauti inazimwa na skrini inaonyesha noti, ili mpigaji apime nyuzi zake kimya kimya. Ukikanyaga tena, sauti inarudi. Pedali haijawahi kuharibika. Ilikuwa ikitii.

Mimi nilikuwa nikijaribu kwa kidole. Kidole hakiwezi kukanyaga mbili.

"Sasa umeona nini?" Levis akauliza.

Nikamtazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza. Ana kovu dogo juu ya mdomo.

"Nipe siku moja," nikasema.

"Ni mbaya?"

"Nipe siku moja, tafadhali."

Akanipa.

Jumatatu, 5 Mei

Nilikwenda Osiri kwa miguu mvua ikinyunyiza. Baba Mdogo alikuwa ndani ya maji mpaka nusu ya gambuti, anazungusha karai. Nilimwambia habari za video pale pale ukingoni. Nilisema haraka, kama mtu anayekariri. Mwishoni nikasema, "Huusikii mguu wako."

Aliendelea kuzungusha karai.

"Baba Mdogo. Sandali ilibaki kwenye tope ukatembea mpaka mlangoni."

"Mnapenda sana hiyo hadithi."

"Naomba uvue gambuti."

Nilidhani atanifukuza. Sijawahi kumwambia mtu mzima afanye kitu. Lakini alitoka majini, akakaa juu ya jiwe, akalivua la kulia na kuligeuza. Yakaanguka mawe matatu, moja kama punje ya hindi, lenye ncha. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda, kimefunguka, kimekuwa cheupe kwa maji. Ametembea juu ya jiwe hilo tangu asubuhi. Aliyatazama yale mawe muda mrefu.

"Tangu mvua za mwaka jana," akasema. "Ulianza kama ganzi ya kukalia mguu. Nikasubiri uamke."

"Ulijua."

"Nilijua mguu. Sikujua kama mguu ndio unaua gitaa. Naapa."

"Lakini ulidhani."

Akaokota lile jiwe lenye ncha. Nikasema nilichokuwa sitaki kusema. "Uliniacha nibebe. Mtaa mzima wananiita Volti Kumi na Mbili."

"Uliposema ni volti nilifurahi," akasema. "Nisamehe, nyathina. Nilifurahi kwamba ni kitu kinachoweza kununuliwa dukani. Levis akijua ni mguu, atasema mzee amekwisha."

Nilikuwa na hasira. Hata sasa ninayo, naandika nayo. Nilitaka abaki yule mtu wa kwenye jukwaa ambaye sijawahi kumwona jukwaani. Badala yake alikuwa amekaa juu ya jiwe, mguu mmoja mtupu, akiogopa mtu aliye mdogo kwake kwa miaka kumi na tano.

Nilirarua kitambaa changu cha kichwa, nikamfunga kidonda. Hakushtuka hata nilipokaza.

Jumanne, 6 Mei

Mama aliuona mguu, akasema "Fanuel!" bila shemeji. Nikampigia Levis simu. Nilidhani atacheka, au ataita kijana wa Rongo. Akasema, "Baba yangu alianza hivyo hivyo. Akangoja. Alizikwa na mguu mmoja." Alifika na pikipiki kabla chai haijachemka. Nilimsikia langoni akimwambia Baba Mdogo, "Panda, mzee. Hata ukinichukia, panda."

Ni ugonjwa wa sukari. Kidonda kimeoshwa hospitalini Migori, kitaoshwa kila siku mbili. Maji ya Osiri, marufuku.

Ijumaa, 9 Mei

Mguu wataushughulikia madaktari. Mimi nashughulikia swichi. Nimegundisha kizibo cha soda juu ya swichi ya kushoto ili iwe juu kuliko mwenzake. Mguu ukakosa zote mbili, ukasukuma pedali mpaka ukutani.

Jumatatu, 12 Mei

Mguu wa kushoto: akiuinua, wa kulia hauwezi kumshika. Ameanguka juu ya ngoma ya Nyamongo.

"Aki nilisema ngoma inahitaji mpigaji wa pili," akasema Nyamongo, akimwinua, "lakini si kwa tumbo."

Baba Mdogo alicheka na wengine, kisha akatoka nje na hakurudi. Zimebaki siku kumi na tatu.

Jumatano, 14 Mei

Motari alikuja kutazama mazoezi mashine yake ikiwa imepumzika. Alituangalia tukipanga kiti hivi, pedali vile. Mwisho akasema, "Nyinyi watu mnafanya kazi vibaya. Kwangu anayetia mawe hagusi swichi. Marufuku. Mikono yake iko kwenye mawe, macho kwenye mawe. Mwingine anakaa kwenye swichi, anamtazama mwenzake tu. Ndiyo maana hakuna aliyekatika kidole."

Wote wakanigeukia, hata kinyozi aliyekuwa mlangoni.

"Mimi siwezi," nikasema. "Mbele ya watu siwezi."

"Na mimi sitaki," akasema Baba Mdogo. "Gitaa moja lipigwe na watu wawili? Watu watasema nini?"

"Watasema linasikika," akajibu Levis.

Jumapili, 18 Mei

Tumejaribu. Nakaa kwenye debe lililogeuzwa, pedali juu ya kreti ya soda mbele yangu, waya mrefu kati yetu. Mwanzo nilichelewa, nikamwacha Nyamongo akijisifu chini ya kelele, "Mimi fahali wa Isebania, hata daraja huniuliza nina uzito gani!" Sasa simtazami anayejisifu. Namtazama Baba Mdogo. Kabla ya kushusha, bega lake la kulia huteremka kidogo sana. Nadhani hata yeye hajui. Tangu nilipoliona bega, sijakosa.

Amesema, "Ni kama kuwa na mguu tena." Halafu akajifanya anapima nyuzi.

Alhamisi, 22 Mei

Nimemwomba Mama ruhusa, nikitumaini kwamba atakataa. Amesema, "Jumapili si Sabato. Nenda. Uvae sketi ndefu."

Jumamosi, 24 Mei

Sabato. Nimeomba kwa ajili ya kitu ambacho nadhani hakiombewi kanisani: kidole cha shahada cha mkono wa kulia.

Jumatatu, 26 Mei

Tumepewa Jumapili. Zote, kuanzia Juni. Naandika hilo kwanza kwa sababu moyo wangu hautulii mpaka liwe kwenye karatasi.

Hoteli iko upande wa chini wa mji, na kutoka jukwaani unaona kilima cha Asego chote. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyojiandaa. Baba Mdogo aliketi kwenye kiti kirefu, mguu umefungwa bandeji safi, umenyooshwa juu ya stuli kama mgeni wa heshima. Nilikaa ubavuni pake kwenye debe langu. Kuna mtu alicheka, akauliza kwa nini bendi imekuja na msichana wa kuchunga kreti. Nilitazama pedali. Halafu bega lake likateremka, nikabonyeza kushoto, gitaa likanong'ona, na mzee mmoja wa Rangwe akajisifu mpaka akakohoa. Kulia. Likaimba. Baada ya hapo sikumsikia tena aliyecheka. Sikuwa na nafasi ya kumsikia.

Halikufa hata mara moja. Waliinua mikono mmoja baada ya mwingine, wavuvi, walimu, mama mwenye hoteli mwenyewe aliyejiita samaki asiyejua wavu, na kila mara gitaa lilishuka kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Nilimwona mama huyo akimnong'oneza Levis kitu, na Levis akiitikia kwa kichwa mara tatu.

Ulikuwa wimbo wa mwisho. Levis aliacha nyuzi zake, akainua mkono. Kiongozi wa bendi hajisifu katikati ya wimbo wake mwenyewe, kwa hiyo nilidhani anaashiria tumalize. Nikamtazama Baba Mdogo. Alikuwa ananitazama mimi. Bega likateremka.

Nikabonyeza kushoto.

"Homa Bay!" Levis akasema kwenye maikrofoni. "Mimi leo sijisifu. Namsifu mtu aliyekaa kwenye debe. Anasikia waya ukikohoa kabla haujaugua. Alizima mashine ya Motari kwa maneno matatu. Tulisema mzee amekwisha, yeye akasema vua gambuti! Lynnet, mtoto wa ndugu yake Fanuel, nyar Masara, Volti Kumi na Mbili!"

Ukumbi mzima ukarudia. Volti Kumi na Mbili! Watu ambao hawajui nilifanya nini na adapta ya sola. Viatu vyangu vilikuwa chini ya kreti, sikuweza kuviona, kwa hiyo nikawatazama watu. Na chini ya jina langu gitaa la Baba Mdogo lilikuwa linanong'ona, kwa sauti ile tuliyoijenga pamoja mwezi wa nne, bado… bado… ongeza mwangwi… hapo.

Bega lake lilipanda. Ilikuwa zamu ya swichi ya kulia. Kidole changu kilikuwa juu yake tayari, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze mazoezi, nilichelewa kwa makusudi.

Kisha nikabonyeza, tukamaliza wimbo.